Vijarida vya Mlimani na Majina Yasiyochapwa

Binti wa Ihithe, kijiji kilichoko Tetu katika kaunti ya Nyeri, aliwahi kutiwa gerezani kwa sababu ya maneno aliyoliambia jarida la wanawake. Ndoa ya Wangari Maathai ilivunjwa mahakamani jijini Nairobi mwaka 1979. Kesi ilisikilizwa hadharani na magazeti makubwa yakaifuatilia kwa hamu. Jarida la Viva likafanya jambo la maana zaidi: likamuuliza yeye mwenyewe. Akajibu kwamba jaji anayetoa hukumu ya aina ile ama haijui kazi yake ama amehongwa. Kwa jibu hilo alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama, akapelekwa gereza la wanawake la Lang'ata, na akatoka baada ya siku 3.

Mwaka 2004 dunia ilimtunuku Nishani ya Amani ya Nobel, na Nyeri haijaacha kujivunia. Kila mtoto wa shule anajua habari ya tuzo na habari ya miti. Zile siku 3 za gerezani hazitajwi sana, nami naona ni kosa kuzisahau, kwa sababu zinaonyesha uzito wa karatasi inayomwachia mwanamke aseme mambo yake kwa kinywa chake.

Nimeanzia Ihithe ili nifike Endarasha. Ukitoka Nyeri mjini ukapitia Mweiga, unaingia Kieni, uwanda ulio kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, penye baridi kali asubuhi na mvua ya kubahatisha. Watu wanaishi kwa viazi, kabichi, vitunguu na maziwa. Wakenya wengi hawakuwahi kulisikia jina la Endarasha hadi usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la shule ya Hillside Endarasha Academy liliposhika moto na wavulana 21 wakafa. Nchi iliomboleza siku 3. Kamera zilijaa. Akina mama walionekana katika taarifa ya habari wakilia kwa sekunde chache, kisha picha ikahamia kwa kiongozi aliyeshika kipaza sauti.

Silaumu wanahabari waliokuwa pale. Kazi yao ni ya haraka na ilikuwa nzito. Ila kuna maswali ambayo televisheni haina muda nayo. Mama aliyempeleka mwanawe bweni akiwa mdogo hivyo, alikuwa anamwepusha na nini, au anamtafutia nini? Ada ilitoka kwenye viazi vya shamba la nani? Alipokuwa akingoja majibu ya vinasaba, nani alikama ng'ombe na nani alikaa na wadogo? Nyuma ya huzuni ya mwanamke mmoja wa Kieni kuna historia ndefu ya ardhi, ya soko na ya ndoa. Historia hiyo inahitaji karatasi, na karatasi yenyewe haihitaji kuwa kubwa.

Nazungumzia kijarida: kurasa chache zilizoandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, zikarudufiwa, zikakunjwa na kuuzwa kwa bei ya chai au kugawanywa bure. Hakina mhariri mkuu wala tangazo la benki. Nchini Marekani chombo hiki hutajwa pamoja na wasichana wa muziki wa panki wa mji wa Olympia, jimbo la Washington, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitoa vijarida vyao wenyewe kuhusu ubakaji, miili yao na hasira zao. Walifanya kazi ya heshima. Lakini mtu wa Nyeri anayetaka kujua kijarida kinaweza kufanya nini hana haja ya kuvuka bahari. Aende Karatina, alikochapia mwandishi Gakaara wa Wanjaũ.

Gakaara wa Wanjaũ alizaliwa mwaka 1921, akakulia katika mazingira ya misheni ya Tumutumu, akasoma shule ya Alliance na kufukuzwa baada ya mgomo, akawa karani jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi, yeye na wenzake waliunda kampuni ya waandishi Waafrika, na mwaka 1946 akatoa kijitabu kiitwacho Ũhoro wa Ũgũrani, kuhusu mambo ya posa na ndoa. Mwaka 1948 akatoa kingine kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Vilikuwa vyembamba na vya bei nafuu, vimeandikwa kwa lugha ambayo muuza ndizi anaielewa. Asiyejua kusoma alisomewa. Siku zile nakala moja ya gazeti au kijitabu iliweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu wengi, wakasikiliza na kubishana papo hapo, na hivyo idadi ya nakala haikuwahi kuwa idadi ya wasomaji.

Serikali ya kikoloni ililielewa jambo hilo vizuri. Oktoba 20, 1952, usiku Hali ya Hatari ilipoanza, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Magazeti ya Kikuyu, likiwemo Mũmenyereri la Henry Muoria, yakafungwa. Gakaara alipitishwa katika kambi za kizuizini kwa miaka, akaandika humo, na maandishi hayo yakatoka kama kitabu mwaka 1983: Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Noma, Gakaara akigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Katika miaka ya uhuru kiwanda chake cha Karatina kiliendelea kutoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi na visa vya Wa-Nduuta, ambavyo watu wa umri fulani huko mlimani wakivikumbuka hucheka kabla hawajaanza kusimulia.

Vijarida hivi vilikuwa vya mnyonge. Walionyang'anywa ardhi, waliolipwa mshahara usiotosha chakula, waliobaguliwa kwa rangi, wote walipata humo lugha ya kusemea dhiki yao. Deni letu kwa Gakaara na wenzake ni kubwa, na ninalikiri kwa moyo wote.

Lakini mwanamke alikuwa wapi? Alikuwamo, tena mara nyingi, ila kama jambo la kujadiliwa: msichana anayekimbilia mjini, mahari iliyopanda, mke asiyetulia. Aliyeshika kalamu alikuwa mwanamume, na aliyeitwa asome alikuwa mwanamume; kile kijitabu cha 1948 kilitangaza hivyo kwenye jalada. Nyuma ya meza mambo yalikuwa tofauti. Ruth Nuna, mmoja wa wake za Muoria, alifanya naye kazi ya gazeti. Shifra Wairire, mke wa Gakaara, aliandikiana naye barua mume akiwa kizuizini. Tunayajua majina yao kwa sababu ya barua na kumbukumbu za familia zilizofikia mikono ya watafiti miaka mingi baadaye. Kwenye majalada hayakuwapo.

Wala tusidanganyike kwamba wanawake wa wakati ule waliridhika na nafasi hiyo. Mwaka 1930 wanawake wa Kikuyu waliochoka kuachwa nje ya uongozi wa chama cha Kikuyu Central Association (KCA) walijitenga wakaunda chama chao, Mumbi Central Association, na walirudi katika KCA miaka kama 3 baadaye. KCA ilikuwa na gazeti lake, Mũigwithania, tangu 1928, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Johnstone Kenyatta. Kwa hiyo upande wa wanaume tunaweza kuusoma, toleo baada ya toleo. Upande wa wanawake tunaupata kwa vipande, mara nyingi kupitia kalamu ya ofisa wa kikoloni au ya mwanamume aliyekuwa akiwalalamikia.

Halafu ikaja miaka ya handaki. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa maeneo ya Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa katika maboma yao wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ulinzi. Wanaume wengi walikuwa kambini au msituni. Kazi ya kuchimba handaki pembezoni mwa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, ili wapiganaji wa Mau Mau wasifikiwe na chakula, iliwaangukia hasa wanawake, bila ujira, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mtu akisema leo kwamba wanawake wa huku wana nguvu, anasema kweli, lakini mara nyingi anasahau ni nani aliyewalazimisha kuwa nazo.

Aliyeandika miaka hiyo kwa jicho la mwanamke ni Muthoni Likimani, mzaliwa wa Kahuhia, Murang'a, mwaka 1926. Kitabu chake cha 1985, Passbook Number F.47927, kimepewa jina la namba ya pasi ambayo watu wa mlimani walilazimishwa kubeba. Humo kuna vijiji, handaki, walinzi, njaa, na wanawake wanaokula njama, wanaoogopa, wanaocheka. Kilichapishwa na kampuni kubwa. Likimani alianzisha pia yake, Noni's Publicity, na mwaka 2005 ndiyo iliyotoa kumbukumbu za maisha yake. Mwanamke wa Murang'a akawa mwandishi, mchapishaji na mwenye jina juu ya jalada kwa pamoja. Ningependa wasichana wa Kieni walijue jina lake kama wanavyolijua la Wangari. Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni hadi mwisho na kufariki Septemba 2023, hakupata bahati hiyo; habari zake zimetufikia kwa filamu na mahojiano ya watu wengine.

Sasa turudi kwenye ardhi, maana Endarasha ni habari ya ardhi kabla ya kuwa habari ya jambo lingine lolote. Sehemu kubwa ya Kieni ilikuwa mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru mengi yakagawanywa kwa wenyeji. Vipande viliandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba alihesabiwa kuwa mume. Kabla ya hapo, katika maeneo ya asili ya Wakikuyu, mashamba yalikuwa yamekusanywa na kupewa hati wakati wa Hali ya Hatari, vilevile kwa majina ya wanaume. Gakaara alichapa mwaka 1960 kijitabu kuhusu koo za Agĩkũyũ. Koo hizo zina majina ya mabinti wa Mũmbi, mama wa Wakikuyu wote katika simulizi: Wanjirũ, Wambũi, Wangarĩ, Wairimũ na dada zao. Ukoo mzima unajitambulisha kwa jina la binti, na binti mwenye jina hilo leo akienda kwenye masjala ya ardhi anaambiwa shamba ni la kaka yake.

Hesabu zipo. Shirika la Kenya Land Alliance lilichunguza hati zilizotolewa kati ya 2013 na 2017. Katika sehemu iliyoweza kupambanuliwa kwa jinsia, wanawake walipata asilimia 10.3 ya hati na wanaume asilimia 86.5. Kwa ukubwa wa ardhi iliyopimwa, fungu la wanawake lilikuwa asilimia 1.62. Hiyo ni baada ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi ukomeshwe. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ilikuwa imepitishwa mwaka 2013.

Viazi navyo vina siasa yao. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kila mwanamke aliyewahi kupalilia shamba Kieni anajua tofauti kati ya kanuni hiyo na gunia lililoongezewa kimo ambalo dalali hulikubali. Mwanamke anapanda, anapalilia, anachimbua na kupanga. Dalali anazungumza bei na mume. Maziwa yanapelekwa na mke na malipo yanaingia katika akaunti ya mwanachama, ambaye mara nyingi ni mume. Hakuna aliyeiba kwa nguvu, hakuna kesi ya kupeleka polisi, na mwisho wa mwaka mwanamke hana chake. Dhuluma ya namna hii haiwi habari ya gazeti la kila siku, kwa kuwa hakuna siku moja iliyotokea. Kijarida kinaweza kuibeba kwa sababu kinaandikwa na mtu anayeishi ndani yake.

Tanzania ilitupa mfano hapa jirani. Wanahabari wanawake waliounda chama cha TAMWA mwaka 1987 walianzisha jarida la Sauti ya Siti mwaka uliofuata, wakalipa jina la Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeimba habari ya mwanamke aliyeuawa huku muuaji akiponyoka mkono wa sheria. Jarida na kampeni za chama vilizungumza kwa Kiswahili juu ya vipigo, ubakaji na unyanyasaji, mambo yaliyoitwa siri ya nyumbani. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, na TAMWA ilikuwa katika mstari wa mbele wa waliodai sheria hiyo. Miaka kumi kutoka karatasi hadi sheria si mingi.

Mlimani tulikuwa na sababu ya kuanza mapema kama wao. Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni usiku. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Dunia nzima iliandika. Wasichana walionusurika wangekuwa na kijarida chao, tungekuwa leo na maneno yao wenyewe, waliyoyachagua, katika wakati walioutaka.

Nasikia mtu akisema: siku hizi kuna simu, kuna WhatsApp, kuna redio za Kikuyu zinazopigiwa na wanawake kila asubuhi. Ni kweli, na redio hizo nazithamini. Lakini simu ya mwanamke aliyeolewa mara nyingi inafunguliwa na watu wawili. Ujumbe unapigwa picha, unasambazwa, unamrudia mwandishi kama mashtaka. Redioni sauti hutambulika hata jina likifichwa. Karatasi iliyochapwa haina sauti, haihitaji bando, na inaweza kukaa ndani ya Biblia au chini ya debe la unga mpaka msomaji apate nafasi. Tena haifutiki kampuni ya mbali inapobadilisha mitambo yake.

Kazi yenyewe ni rahisi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu, ikafunguliwa, ikakatwa kwenye mkunjo wa katikati na kukunjwa upya, inatoa kijitabu cha kurasa 8 bila stepla. Kurudufu karatasi moja dukani ni shilingi 5 au 10 hivi. Nakala 100 mara nyingi hazifiki bei ya gunia la viazi.

Na ujuzi wa kuweka maandishi upo tayari. Vikundi vya wanawake vya Nyeri vilivyochangishana mabati miaka ya mwanzo ya uhuru, hadi kila mwanachama akaondokana na paa la nyasi, viliendeshwa kwa kumbukumbu na kwa kuaminiana. Chama cha leo kina katibu mwenye daftari lenye majina, tarehe, michango, faini na zamu. Hayo ni maandishi ya wanawake kuhusu uchumi wao. Yanahitaji kuongezewa sentensi.

Ningekuwa mshauri wao, ningeomba ukurasa mmoja wa bei: dalali alilipa nini shambani Endarasha, na gunia hilo hilo liliuzwa kiasi gani katika soko la Marikiti, Nairobi, wiki hiyo hiyo. Ukurasa mmoja wa ardhi, unaoeleza kwa Kikuyu na Kiswahili chepesi namna ya kupekua hati, mke anavyoweza kupinga shamba lisiuzwe bila yeye kujua, na mjane anavyoanza kesi ya mirathi kabla shemeji zake hawajaanza. Ukurasa wa nyanya, ukieleza handaki, maana waliolichimba wanatutoka kila mwaka. Na ukurasa usio na jina kwa mambo ya chumbani, ya vipigo, ya mimba ambazo msichana hakuzitaka. Huo usiandikwe kwa mkono, kwa sababu kijijini mwandiko unajulikana. Kijarida kisomwe kwa sauti katika mkutano wa chama, kama zamani, ili asiyejua kusoma asiachwe nje.

Kuna ukuta mmoja wa kisheria ambao lazima utajwe. Marekebisho ya mwaka 2002 ya Sheria ya Vitabu na Magazeti yalipandisha dhamana ya mchapishaji wa gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1. Kiwango hicho kilikusudiwa kuzima magazeti madogo, na kinaziba mdomo wa mkulima kabla ya mdomo wa mchochezi. Wabunge wa kaunti za mlimani, hasa waliochaguliwa kuwakilisha wanawake, wanapaswa kupeleka bungeni pendekezo la kuwaondolea dhamana hiyo wanaochapa nakala chache za kijijini.

Jambo lingine liko ndani ya uwezo wa kaunti. Nakala za karatasi za Gakaara zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na mtafiti aliyeko huko anaweza kuzifikia kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Karatina anayepita karibu na mahali zilipochapwa. Maktaba ya umma ya Nyeri itenge rafu ya vijarida vya mlimani. Wewe msomaji, ukikuta Gĩkũyũ na Mũmbi la zamani darini kwa babu yako, au daftari la kikundi cha mabati katika sanduku la nyanya yako, usiwashie moto wala usiuze kwa wafunga karanga. Lipeleke maktabani. Na chama cha kwanza cha wanawake wa Endarasha kitakachokunja toleo lake la kwanza kipeleke nakala mbili, na ukurasa wa mwisho kiandike majina kamili ya wote waliokubali kutajwa: aliyeandika, aliyepiga chapa, aliyelipia fotokopi na aliyebeba.